Seva moja au kundi la seva? Kanzidata kwa ofisi za Kibondo na Kasulu

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari la hospitali, la shule, la ghala la mazao na la chama cha akiba na mikopo limehamia kwenye kompyuta, na swali limebadilika. Je, daftari hilo likae kwenye mashine moja, au kwenye mashine kadhaa zinazopeana nakala saa zote? Makala hii inaeleza jinsi kundi la mashine hizo linavyofanya kazi, gharama zake, na wakati gani linaifaa taasisi ndogo ya nyanda za juu za Kigoma.

Swali linatoka wapi?

Tuchukue mfano wa kubuni. Chama cha akiba na mikopo kina ofisi tatu: Kasulu mjini, Kibondo mjini na Makere. Kumbukumbu zote za wanachama ziko kwenye seva moja iliyopo Kasulu, na ofisi nyingine mbili huifikia kwa mtandao wa simu. Siku moja, mwanzo wa muhula wa shule, seva hiyo inaungua. Kwa siku tatu hakuna ofisi inayoweza kulipa. Wanachama wanapanga foleni mlangoni wakitaka pesa zao za ada, na karani hana hata njia ya kujua nani ana kiasi gani.

Baada ya mkasa wa namna hiyo, fundi huja na pendekezo: badala ya seva moja, tununue tatu. Kila ofisi iwe na yake, zote ziwe na data ileile, na moja ikifa nyingine mbili ziendelee. Mpango huo kitaalamu huitwa kanzidata iliyosambazwa, na kundi la mashine zake huitwa klasta. Programu za kuiendesha zipo, na baadhi hupatikana bure. Kwa nini basi mtu asite?

Jibu linaanzia kwenye namna mashine hizo zinavyokubaliana.

Akidi: mashine zinavyofanya kikao

Mtu yeyote aliyewahi kuhudhuria kikao cha halmashauri ya kijiji anajua neno akidi. Wajumbe wakiwa pungufu, mwenyekiti hana ruhusa ya kupitisha azimio, hata kama waliopo wote wanakubaliana. Sababu inaeleweka: wajumbe wachache wakiruhusiwa kuamua peke yao, wenzao nao wanaweza kukaa mahali pengine wakapitisha azimio la kupingana.

Klasta nyingi za leo zinafuata kanuni hiyohiyo. Mashine huchagua kiongozi kwa kura za walio wengi. Kila badiliko, kama vile "mwanachama ametoa shilingi 200,000", hupelekwa kwa kiongozi, naye huwatumia wenzake. Badiliko huhesabiwa kuwa limepita pale tu mashine zilizo zaidi ya nusu zinapothibitisha kuwa zimeliandika. Kiongozi akipotea, waliobaki huchagua mwingine, mradi akidi ipo.

Mtaalamu wa kompyuta wa Marekani Leslie Lamport alieleza utaratibu wa aina hii katika andiko lililochapishwa mwaka 1998. Alilipa sura ya bunge la kubuni la kisiwa cha Ugiriki kiitwacho Paxos, ambalo wabunge wake huingia na kutoka ukumbini wapendavyo, lakini kumbukumbu za maamuzi hazigongani. Wengi waliona maelezo yake ni magumu. Mwaka 2014 Diego Ongaro na John Ousterhout wa Chuo Kikuu cha Stanford walitoa utaratibu mwingine, Raft, waliousanifu makusudi ueleweke kwa urahisi zaidi. Programu nyingi za klasta zinazotumika leo zimejengwa juu ya mawazo hayo mawili.

Kutokana na kanuni ya akidi, idadi ya mashine si jambo la kubahatisha. Akidi ya mashine tatu ni mbili, kwa hiyo klasta hiyo huvumilia kufa kwa moja. Akidi ya mashine tano ni tatu, kwa hiyo huvumilia kufa kwa mbili. Akidi ya mashine mbili nayo ni mbili, maana moja si zaidi ya nusu ya mbili. Kwa hiyo klasta ya mashine mbili haivumilii kifo chochote: yoyote ikizimika, kazi inasimama. Taasisi inayonunua seva mbili ikidhani imepiga hatua kuelekea tatu, kwa kweli imeongeza idadi ya vitu vinavyoweza kuisimamisha.

Mafahali wawili zizi moja

Je, nini hutokea mashine zote zikiwa nzima ila mawasiliano kati yake yamekatika?

Turudi kwenye chama chetu. Mwanachama ana shilingi 500,000. Laini kati ya Kasulu na Kibondo imekatika, lakini ofisi zote mbili zina umeme na kila moja ina nakala ya daftari. Asubuhi anachukua 500,000 Kasulu. Jioni ndugu yake, mwenye idhini ya kutoa fedha kwenye akaunti hiyo, anafika dirishani Kibondo. Nakala ya Kibondo bado inaonyesha 500,000. Karani afanye nini?

Kuna majibu mawili tu. Mfumo unaweza kumlipa na kuendelea, na laini ikirudi chama kitagundua kwamba kimetoa shilingi milioni moja kwenye akaunti yenye nusu yake. Au mfumo unaweza kukataa: mpaka niwapate wenzangu, sithibitishi kitu. Katika jibu la kwanza huduma ipo lakini usahihi umepotea. Katika la pili usahihi upo lakini mteja anarudi mikono mitupu, ingawa umeme upo, seva inawaka na fedha ziko kwenye sefu.

Eric Brewer, profesa wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, alitoa hoja hiyo mbele ya wataalamu wenzake mwaka 2000, na mwaka 2002 Seth Gilbert na Nancy Lynch wakaithibitisha kihisabati. Maana yake ni kwamba hakuna programu, hata iwe ya bei gani, inayoweza kukuepusha na uchaguzi huo pindi mawasiliano yanapokatika. Anayekuuzia mfumo anapaswa kukuambia ni upande upi umechaguliwa.

Klasta ya akidi huchagua usahihi. Upande wenye mashine mbili kati ya tatu unaendelea, na upande wenye moja unasimama. Mafahali wawili hawakai zizi moja, na klasta hii huhakikisha haiwi na viongozi wawili wanaoandika kwa wakati mmoja. Kwa fedha, huo ndio uamuzi unaotakiwa. Lakini ofisi iliyobaki peke yake ndiyo inayobeba gharama, na katika mazingira yetu ofisi kubaki peke yake si jambo la nadra.

Hesabu ya upatikanaji

Hebu tupige hesabu. Tuseme kila ofisi ina umeme na mashine nzima kwa asilimia 95 ya muda, na kwamba kukatika kwa ofisi moja hakuhusiani na kukatika kwa nyingine. Kwa sasa tuchukulie pia kwamba laini kati yao haikatiki kamwe.

Mashine moja peke yake itakuwa nje ya huduma kwa takriban siku 18 kwa mwaka. Klasta ya tatu itakuwa na akidi kwa takriban asilimia 99.3 ya muda, yaani itakosekana chini ya siku tatu kwa mwaka. Mashine mbili zinazotegemeana zitapatikana kwa asilimia 90.25, yaani zitakosekana karibu siku 36. Hapo klasta ya tatu inaonekana kushinda kwa mbali.

Lakini karani wa Makere hatumii wastani wa klasta. Anatumia kompyuta iliyopo Makere. Ofisi yake isipokuwa na umeme, hafanyi kazi hata kama Kasulu na Kibondo zinawaka. Kwa hiyo swali lake ni jingine: ni muda gani ofisi yangu ina umeme na mfumo unakubali kuandika?

Kama daftari liko kwenye seva moja ya Kasulu, karani wa Makere anahitaji Makere na Kasulu zote ziwe na umeme: asilimia 90.25. Kama ni klasta ya tatu, anahitaji Makere na angalau moja ya zile nyingine: asilimia 94.8. Kama Makere ina daftari lake yenyewe, anahitaji Makere peke yake: asilimia 95.

Kwa hiyo ni kweli kwamba klasta ni bora kuliko seva moja ya mbali. Ila haimpi karani huyo chochote zaidi ya daftari lililopo mezani kwake, na bado hatujahesabu laini inayokatika, ambayo huishusha klasta na haigusi daftari la mezani.

Sasa tushushe kiwango cha umeme hadi nusu ya muda, kama ilivyo kwa kituo kinachoendeshwa kwa jenereta kwa saa chache au kwa sola isiyo na betri za kutosha. Hapo klasta ya tatu ina akidi nusu ya muda, sawasawa na mashine moja. Kwa karani wa Makere ni mbaya zaidi: klasta inampa asilimia 37.5 ya muda, wakati daftari lake mwenyewe lingempa 50. Klasta hukusanya nguvu za mashine zinazokaribia kuwa za uhakika. Mashine zenyewe zikiwa dhaifu, hujumlisha udhaifu wao.

Umeme na laini za kwetu

Hesabu hizo zina maana ya pekee hapa. Kwa miaka mingi miji ya Kibondo na Kasulu ilitegemea umeme wa jenereta za dizeli za TANESCO, mbali na Gridi ya Taifa. Ni katika miaka hii ya 2020 ndipo gridi ilipofika kutoka upande wa Nyakanazi. Hali imekuwa bora kuliko zamani, lakini mwenye ofisi bado anapanga kazi yake akijua kwamba umeme unaweza kukatika, na kwamba radi za msimu wa mvua huunguza vifaa visivyo na kinga.

Umeme una hesabu nyingine ambayo wauzaji wa seva hawaitaji. Tuchukue mashine inayotumia wati 100. Kwa siku inakula uniti 2.4, kwa mwezi wa siku 30 uniti 72. Mashine tatu zinakula uniti 216. Betri moja ya volti 12 na Ah 100 ina takriban uniti 1.2, na ukiitumia nusu tu ili isife mapema, inaihudumia mashine moja kwa saa 6 hivi. Mashine tatu zikiwa chumba kimoja na betri hiyohiyo, zinapata saa 2. Ofisi yenye fedha za betri moja tu itakaa hewani muda mrefu zaidi ikiwa na seva moja kuliko ikiwa na klasta.

Umbali nao una sehemu yake. Kati ya Kasulu na Kibondo kuna zaidi ya kilomita 120, na kutoka Kasulu hadi Dar es Salaam kuna zaidi ya kilomita 1,000 hata ukipima kwa mstari ulionyooka. Mwanga ndani ya nyaya za mkongo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo ujumbe wa kwenda Dar es Salaam na kurudi hauwezi kutumia chini ya milisekunde 10, na kwenye mitandao ya simu huwa zaidi ya hapo. Katika klasta, kila badiliko husubiri safari ya namna hiyo kabla halijathibitishwa. Kwa karani mmoja si tatizo. Kwa kazi yenye maelfu ya mabadiliko mfululizo, kama kufunga hesabu za mwezi, kusubiri huko hujumlishana.

Kuhusu laini, wengi wanakumbuka Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024. Hitilafu kwenye mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilidhoofisha intaneti katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwa miongoni mwa zilizoathirika sana. Ofisi iliyoweka kumbukumbu zake zote kwenye seva za ng'ambo ilijikuta imetengwa na daftari lake. Iliyokuwa na seva ndani ya jengo iliendelea na kazi zake za ndani kama kawaida.

Nakala si chelezo

Wanaoshauri klasta hutoa pia hoja ya usalama: data ikiwa mahali patatu haiwezi kupotea. Hoja hiyo ni ya kweli kwa aina moja ya hasara, yaani mashine kufa. Si ya kweli kwa hasara nyingine. Karani akifuta rekodi kwa makosa, klasta hunakili kufuta huko kwenye mashine zote tatu kwa uaminifu uleule inaonakili malipo. Mwizi wa mtandao akizifunga data kwa ufunguo wake, nakala zote zinafungwa pamoja.

Chelezo ni kitu kingine. Ni picha ya data ya jana, au ya juma lililopita, iliyowekwa pembeni mahali ambapo kosa la leo haliwezi kuifikia.

Kampuni ya GitLab, inayohifadhi kazi za watengenezaji wa programu duniani, ilijifunza hilo hadharani tarehe 31 Januari 2017. Kanzidata yake ilikuwa na mashine kuu na ya pili inayopokea nakala. Unakili ulipokwama, mhandisi mmoja alikusudia kufuta data kwenye mashine ya pili ili aanze upya, akafuta kwenye mashine kuu. Walipotafuta chelezo, waligundua kwamba zile za kila siku zilikuwa zimeshindwa kutengenezwa kwa muda bila mtu kujua. Waliokolewa na nakala iliyokuwa imechukuliwa saa sita hivi kabla ya ajali, na data za saa hizo sita zikapotea. Kampuni hiyo ilikuwa na wahandisi wengi wenye ujuzi.

Mfano wa pili unahusu klasta yenyewe. Tarehe 21 Oktoba 2018, katika kampuni ya GitHub, matengenezo ya kawaida yalikata mawasiliano kwa sekunde 43 kati ya vituo viwili vya pwani ya mashariki ya Marekani. Mfumo wa kujiendesha ulihamishia uongozi wa kanzidata pwani ya magharibi. Mawasiliano yaliporudi, kila upande ulikuwa na maandishi ambayo mwingine hakuwa nayo. Kuyapatanisha na kurudisha huduma katika hali ya kawaida kulichukua saa 24 na dakika 11. Taasisi yenye fundi mmoja, ambaye siku hiyo yuko Kigoma mjini kwa semina, ingechukua muda gani?

Mifumo inayotumika tayari inafanyaje?

Watu wanaofanya kazi na kumbukumbu nyingi katika mazingira kama yetu wamekutana na swali hili kabla yetu, na wengi hawakuchagua klasta ya mashine tatu zilizotawanyika.

Kwenye afya, vituo huandika kwanza kwenye vitabu vya MTUHA, kisha taarifa huingizwa kwenye mfumo wa DHIS2, programu iliyoanzia Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norway. DHIS2 huhifadhi data zake kwenye kanzidata ya PostgreSQL, na programu yake ya simu inaweza kupokea taarifa bila mtandao na kuzituma baadaye. Kwa miaka mingi kliniki za tiba na matunzo ya VVU zimetumia kanzidata ya CTC2 iliyokuwa ndani ya kituo chenyewe, na taarifa zake hutumwa kwenda kanzidata ya kitaifa. Mtandao ukikatika, mgonjwa aliye mbele ya muuguzi bado anahudumiwa.

Kambi za wakimbizi za mkoa huu zinaonyesha uzito wa jambo hilo. Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa wakimbizi kutoka Kongo, na kuanzia mwaka 2015 ilipokea pia Warundi. Nduta, wilayani Kibondo, ilifunguliwa upya mwaka huohuo. Nyarugusu peke yake imewahi kuwa na zaidi ya watu 100,000, wingi wa watu unaolingana na wa mji. Orodha ya majina katika kambi ndiyo inayoamua nani anapewa chakula na familia ipi ni ya nani. Orodha isipofunguka siku ya mgao, foleni inasimama juani. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, limetengeneza programu ya usajili inayofanya kazi bila mtandao na kuoanisha taarifa zake na mfumo mkuu baadaye.

Mifumo yote hii ina jambo moja linaloifananisha: kazi ya mezani haisubiri laini. Kuoanisha kunafanyika baadaye.

Nyumbani kwa rekodi ni wapi?

Kuoanisha baadaye hakufai kwa kila data, na hapa ndipo taasisi inapaswa kukaa chini na kufikiri kabla ya kununua chochote. Swali la kujiuliza ni hili: rekodi hii huandikwa wapi?

Maelezo ya daktari kuhusu mgonjwa huongezwa, hayafuti ya nyuma. Daktari wa Kasulu akiandika ya asubuhi na wa Kibondo akaandika ya jioni, maandishi yote mawili yanaweza kukaa pamoja yakioanishwa. Idadi ya dawa kwenye stoo ya Makere huandikwa Makere tu. Alama za wanafunzi huandikwa na shule yao. Data za namna hii zina nyumbani, na kila ofisi inaweza kuwa na daftari lake.

Salio la akiba ndilo gumu, kwa kuwa ofisi mbili zinaweza kulipunguza kwa wakati mmoja. Hata hapo, utaratibu wa chama unaweza kufanya kazi ambayo vinginevyo ungeiachia teknolojia. Kila akaunti ipewe tawi lake la nyumbani, na tawi hilo ndilo lenye kauli ya mwisho. Laini ikiwepo, tawi lingine linauliza na kulipa kiasi chochote kilichopo. Laini ikikatika, tawi la ugenini linalipa hadi kikomo kidogo ambacho kamati imekubali kukibeba kama hasara, au halilipi kabisa. Uamuzi huo ni wa wanachama kwenye mkutano wao, si wa fundi.

Ni lini klasta inafaa?

Klasta ina mahali pake. Inafaa pale masharti manne yanapotimia kwa pamoja. Kwanza, rekodi ileile lazima iandikwe kutoka sehemu nyingi kwa wakati mmoja na kosa halivumiliki. Pili, kusimama kwa dakika chache tu kunaumiza. Tatu, mashine tatu zinaweza kuwekwa mahali ambapo umeme na laini za kila moja ni za kwake na ni za uhakika. Nne, kuna angalau watu wawili wanaojua kuitengeneza, na mmoja wao anapatikana usiku.

Mifumo ya fedha kwa simu na ununuzi wa umeme wa LUKU, yenye wateja nchi nzima, ina mahitaji ya ngazi hiyo. Hata ngazi hiyo haina kinga kamili. Mei 2021 mfumo wa LUKU ulipata hitilafu iliyodumu siku kadhaa, na wateja katika mikoa mbalimbali wakakosa kununua umeme.

Kwa taasisi ya Kibondo au Kasulu yenye ofisi mbili au tatu, sharti la tatu na la nne ndiyo yanayokosekana mara nyingi. Seva tatu zilizo kwenye chumba kimoja hazitimizi sharti la tatu: zina paa moja, waya mmoja na radi moja. Kinachobaki ni kinga dhidi ya kufa kwa diski au mashine moja, na kinga ya diski hupatikana kwa bei ndogo zaidi kwa kuweka diski mbili zinazonakiliana ndani ya seva moja.

Kama si klasta, nini?

Fedha ambazo zingenunua seva tatu zinaweza kugawanywa hivi:

1. Seva moja imara yenye diski mbili zinazonakiliana, betri ya kutosha saa za kazi, na kinga ya radi pamoja na waya wa ardhini uliofungwa na fundi umeme.

2. Mashine ya pili ya bei nafuu, jengo jingine, inayopokea nakala mfululizo. PostgreSQL ina uwezo huo ndani yake tangu mwaka 2010. Ya kwanza ikifa, mtu anahamisha kazi kwa mkono. Itachukua labda nusu saa, lakini ni mtu anayeamua akijua anachofanya, na hakuna hatari ya viongozi wawili.

3. Chelezo ya kila siku kwenye diski inayochomolewa baada ya kazi, na nyingine iliyofungwa kwa nywila inayosafiri kati ya matawi: ya Kasulu inalala Kibondo, ya Kibondo inalala Kasulu.

4. Zoezi la kila mwezi la kurudisha data kutoka kwenye chelezo hadi kwenye kompyuta tupu, na kuandika lilichukua muda gani. Chelezo ambayo haijawahi kurudishwa haijulikani kama inafanya kazi.

5. Fomu za karatasi zilizochapwa tayari kwa siku ya mfumo kusimama, na karani mmoja aliyepewa jukumu la kuziingiza baadaye.

6. Daftari la hatua za dharura lililoandikwa kwa Kiswahili, ambalo mtu wa pili anaweza kulifuata fundi akiwa safarini.

Pamoja na hayo kuna sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaitaka taasisi kuzilinda taarifa za watu na inaweka masharti ya kuzisafirisha nje ya nchi. Taarifa za afya ni miongoni mwa zinazopewa uzito wa pekee. Kila nakala unayoiongeza, iwe ya klasta au ya chelezo, ni mahali pengine pa kulinda.

Kwa vijana wanaosomea TEHAMA hali ni tofauti. Kompyuta tatu ndogo zilizotumika, zikiunganishwa darasani na programu ya bure, zitamfundisha mwanafunzi mengi kwa siku moja. Mwambie achomoe waya wa kiongozi na atazame wenzake wakichagua mwingine. Kisha achomoe wa pili na aone mashine iliyobaki, ikiwa nzima na yenye umeme, ikikataa kuandika. Akilielewa hilo, atakuwa na la kuuliza siku taasisi yake itakapoletewa ankara ya seva tatu.

Maswali ya kumuuliza muuzaji

Kabla ya kulipa, kamati inaweza kuuliza haya. Laini ikikatika, ofisi iliyobaki peke yake itaweza kuandika au itasimama? Karani akifuta rekodi kwa makosa leo, tutaipata vipi kesho? Mashine tatu zitakula uniti ngapi kwa mwezi, na betri zetu zitazibeba kwa saa ngapi? Ukiwa haupo, nani mwingine anaweza kuutengeneza mfumo huu? Na je, unaweza kuchomoa mashine moja sasa hivi, mbele yetu, tuone kitakachotokea?